Mrejesho: jina la kile kitabu kisicho na jalada limepatikana

Wandugu, niliuliza hapa kuhusu riwaya niliyoinunua Birere, hapa Goma, ya Kifaransa, haina jalada na kurasa za mwisho zimeng'oka: msichana yuko porini na bunduki na dubu wa kuchezea wa mdogo wake, viumbe wa angani wameivamia dunia.

Aksanti sana yaya uliyejibu "La 5e Vague", yaani Wimbi la Tano. Ndiyo yenyewe! Ya Rick Yancey, Mmarekani, ilitoka 2013. Kuna vitabu vitatu, kumbe mimi nilikuwa nahangaika na cha kwanza tu.

Aliyesema wavamizi wanashuka na mizinga, hapana, wanashambulia kwa mawimbi. Wimbi la kwanza linazima umeme, simu, magari (sisi wa Goma hilo tumelizoea). La pili ni maji ya bahari, la tatu ugonjwa unaoletwa na ndege, hawa wenye mabawa. La nne ndilo lililoninyima usingizi: adui ana sura ya mtu, hujui umwamini nani. Yule msichana, Cassie, anapomtafuta mdogo wake Sammy, niliacha kusoma kwanza. Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, mdogo wangu alinipotea kwenye umati wa watu waliokimbilia mji wa Sake, saa nzima.

Filamu ya 2016 niliitazama pia. Imekula megabaiti zangu bure.

Sasa binamu yangu wa Lubumbashi amepata cha pili, kitakuja na mtu anayesafiri. Mwenye cha kwanza kizima, aniazime zile kurasa za mwisho tafadhali. Nitarudisha.