Alabama na mataji 18: lile la 1941 lihesabiwe?

Kipanga (mleta mada): Wakuu, Chuo Kikuu cha Alabama wanajitangaza mabingwa mara 18 wa futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba mpira mikononi) ya vyuo. Yale sita ya kocha Nick Saban sibishi. Ila 1941? Walifungwa na Mississippi State 14-0, na Vanderbilt 7-0, kwenye kura za shirika la habari la AP wakawa wa 20. Minnesota waliongoza bila kupoteza mechi hata moja. Taji hilo lifutwe.

Chui wa Tuscaloosa: "Wanajitangaza"? Mkuu, unaongea kana kwamba tumeiba kuku wa mtu. Nimesoma pale miaka minne. Enzi hizo hapakuwa na fainali, bingwa alipatikana kwa kura na hesabu za wataalamu, na hesabu za mmoja wao, Houlgate, ziliipa Alabama. Tena 1966 tulishinda mechi zote 11, wakapewa Notre Dame waliotoka sare 10-10 na Michigan State. Taji hilo hatulidai. Mbona hapo huoni dhuluma?

Mkongwe77: Timu ya 1966 ilikuwa ya wazungu watupu, nani awaonee huruma? Mpaka USC, chuo cha Los Angeles, walipokuja Birmingham, Alabama, 1970, mchezaji wao mweusi Sam Cunningham akawakimbilia na mpira yadi 200, ndipo kocha Bear Bryant akakubali kuchukua weusi.

Chui wa Tuscaloosa: Yadi 135, tachidauni (mabao ya kufikisha mpira mwisho wa uwanja) mbili, USC wakashinda 42-21. Usipike namba. Na Wilbur Jackson, mweusi, alishasajiliwa kabla ya mechi hiyo. Usiku ule alikuwa jukwaani kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kubwa.

Dada Zuu: Kaka Chui, tarehe zako ni sahihi, ila Bryant alianza kazi pale 1958. Hesabu mwenyewe miaka aliyokaa bila kusajili mweusi. Jirani yangu ni mzee mweusi, mzaliwa wa Birmingham. Usiku wa mechi hiyo alikuwa na miaka 12, redio ameiweka sakafuni jikoni, anawashangilia USC. Cunningham alipofunga akapiga kelele, baba yake akanyoosha mkono akapunguza sauti, wasisikike nje. Leo Jumamosi huyo mzee yuko barazani na fulana nyekundu ya Alabama. Nilimuuliza alianza lini kuivaa. Akasema, walipoanza kucheza watoto wetu.

Chui wa Tuscaloosa: Dada, usiniweke fungu moja na gavana Wallace aliyesimama mlangoni pa chuo 1963 kuwazuia wanafunzi weusi. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Dada Zuu: Sijakuweka. Kinachoniuma ni hadithi yenyewe. Ukisema Cunningham ndiye aliyefungua mlango, sifa anapata mgeni wa usiku mmoja. Ukisema Bryant, anapata mwenye ufunguo. Waliobisha hodi wanasahaulika. John Mitchell, mweusi, alianza kucheza 1971, Alabama wakawafunga USC kwao Los Angeles 17-10. 1972 alikuwa nahodha mwenza, 1973 kocha msaidizi. Na kabla yake, 1967, weusi watano walikwenda mazoezini bila ufadhili wowote.

Kipanga: Jamani, 1941...

Mkongwe77: Subiri kwanza. Zuu, mimi mchezo huu naufuata miaka 20, hao watano sijawahi kuwasikia. Nitajie hata mmoja.

Dada Zuu: Dock Rone.

Chui wa Tuscaloosa: Na Andrew Pernell. Hapo dada uko sahihi, hata mimi miaka yote minne pale chuoni sikuwahi kutajiwa.