Naomba ushauri: mpiga besi anasikilizaje bendi nzima?

Habari zenu wakuu. Napiga gitaa la besi kwenye bendi ya muziki wa dansi hapa Dar. Nyimbo nazijua na mapigo yangu hayayumbi, ila tukiwa jukwaani masikio yanabaki kwenye besi na drams tu. Gitaa la solo, gitaa la rithimu, tarumbeta na mwimbaji vyote vinanifikia kwa pamoja, sivitenganishi.

Shida inazidi wimbo unapotoka kwenye beti na kuingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka. Hapo mpiga solo anabadili mchezo, tumba (ngoma za kupigwa kwa mikono) zinapamba moto, na besi inatakiwa ijue pa kunyamaza. Sikilizeni rekodi za zamani za bendi za dansi kama Mlimani Park au Msondo: besi haijazi kila pengo. Inauliza, rithimu inajibu. Hicho ndicho ninachokitamani kuliko mbwembwe zote za vidole.

Mazoezini nimeanza kumfuata mtu mmoja kwa wimbo mzima, leo tumba, kesho mwimbaji. Inasaidia, lakini nikihamisha sikio tu, vidole vinakaza.

Wakongwe, mnasimama wapi jukwaani, kando ya drams au karibu na rithimu? Kuimba mstari wa rithimu kimoyomoyo huku unapiga besi kunasaidia kweli? Na spika ya besi mnaiweka sauti kiasi gani ili isiwafunike wenzenu?

Waimbaji na wapiga tumba pia karibuni. Nataka kujua ninyi mnategemea kusikia nini kutoka kwa besi.