Umeme wa kijijini ukikatika mara kwa mara, tuanze na betri au jenereta?

Swali
Habari zenu ndugu. Nyumba yetu iko mwisho kabisa wa laini ya umeme, na msimu wa mvua haupiti bila umeme kukatika usiku kucha. Hata ukiwapo, jioni hupungua nguvu hadi taa zikafifia na friji ikanguruma bila kupoza. Mahitaji yetu ni taa nne, redio, simu mbili na friji ambamo mama huhifadhi insulini yake, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Tuanze na kipi?

Jibu la kwanza
Ndugu, pole. Kabla ya kununua chochote, linda kile ulicho nacho. Laini ndefu hupoteza volti njiani, na jioni, watu wote wanapowasha vifaa kwa wakati mmoja, wa mwisho ndiye anayeumia zaidi. Mota ya friji ikilazimishwa kufanya kazi kwa volti ndogo hupata joto kupita kiasi na mwishowe huungua. Tafuta kifaa cha kulinda friji kinachokata umeme volti zikishuka au zikipanda mno, na kinachosubiri dakika kadhaa umeme unaporudi kabla ya kuiwasha.

Kisha piga hesabu. Taa nne za LED za wati 7 kwa saa tano, redio na simu kwa pamoja hazifiki wati-saa 250 (yaani wati mara saa za matumizi) kwa usiku mmoja. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi) ina wati-saa 1200, lakini usiitumie zaidi ya nusu, kwa sababu ikizoea kuisha kabisa hufa mapema. Kwa hiyo betri moja na paneli ya sola vinatosha kwa hayo yote. Friji ni habari nyingine, kwani inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na inveta ndogo, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa laini, haitaistahimili.

Jibu la pili
Kuhusu insulini, friji isipofunguliwa hubaki baridi kwa takriban saa nne. Chupa ambayo haijaanza kutumika hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande kamwe, kwa hiyo msiigusishe moja kwa moja na barafu. Aina nyingi, zikishaanza kutumika, hustahimili joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa wiki nne hivi, ila mthibitishe kwa mfamasia kuhusu aina anayotumia mama.

Jibu la tatu
Mkiamua kununua jenereta, nawasihi ikae nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Msiichomeke kwenye soketi ya nyumba. Fundi afunge swichi ya kubadilishia kati ya laini na jenereta, la sivyo umeme wenu utarudi kwenye laini na kumkuta fundi aliye juu ya nguzo akiamini kwamba waya haina kitu.