"Winnow" kwenye kijitabu cha mtama: kuchuja au kupepeta?

Mtafsiri wa Kongwa:
Wakuu, salaam. Kijitabu cha Kiingereza cha kilimo cha mtama kinaagiza "thresh", kisha "winnow". La pili limetafsiriwa "chuja". Ni sahihi? Na lina undugu na "window"?

Ungo na Kinu:
Hapana mkuu. Hapo ni kupura, kisha kupepeta. Tunachuja tui au chai. Mkulima ukimwambia achuje mtama atakushangaa. Usilichanganye na "sift" pia, hilo ni kuchekecha. Chekeche hutenganisha kwa ukubwa wa punje, upepo hutenganisha kwa uzito: makapi mepesi yanapeperuka, punje zinarudi ungoni. Ongeza "mtama ukishakauka", maana makapi yenye unyevu hung'ang'ania punje na hayaruki.

Mchimba Maneno:
Asili yake ni Kiingereza cha kale, windwian, kutoka wind, yaani upepo. Ile d ikamezwa, leo linatamkwa karibu na "wino", mkazo mwanzoni. (Chamwino ya Dodoma haihusiki!) Window nalo lina upepo ndani yake, ila limepitia lugha ya kale ya Skandinavia: vindauga, jicho la upepo. Kwa hiyo ndiyo, ni ndugu.

Linalonifurahisha zaidi ni fan. Limetokana na vannus la Kilatini, chombo cha kupepetea nafaka. Mathayo 3:12 katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina fan mkononi. Kiswahili kikaweka pepeto. Si feni ya darini hiyo.

Ungo na Kinu:
Nje ya shamba, "chuja" yako inarudi. Waombaji kazi 40 wakipunguzwa hadi 5, Kiingereza husema winnow, na sisi tunasema kuchuja majina. Mtego uko kwenye yambwa, yaani kile kinachotendwa: inaweza kuwa nafaka inayobaki au makapi yanayotupwa. Ukiona winnow out, aghalabu kinachotajwa ndicho kinachoondolewa. Winnow out errors ni kuondoa makosa.

Mtafsiri wa Kongwa:
Asanteni. Naandika: "Pura mtama uliokauka vizuri, kisha upepete penye upepo."

Ungo na Kinu:
Weka "upepo wa wastani", mkuu. Ukiwa mkali unaondoka na punje, na kijitabu kikigusa uwele ndiyo kabisa, punje zake ni ndogo.