Picha za setilaiti au droni: kipi kinafaa kufuatilia mikoko?

Mpemba_Asilia: Assalamu alaykum wanajukwaa. Kikundi chetu huku Pemba kimepata fedha kidogo za kufuatilia mikoko. Wenzangu wengine wanataka tununue droni, wengine wanasema picha za setilaiti za bure zatosha. Kikao ni Ijumaa. Kipi bora?

Fundi_Ramani: Waalaykum salaam. Mbona hujatuambia kitu? Eneo hekta ngapi? Mnataka kujua ukubwa wa msitu, afya ya majani, au kuhesabu miti?

Kijana_wa_Wete: Mimi nasema setilaiti. Sentinel-2 hurudi kila siku 5 na picha ni bure. Landsat nayo ilianza kupiga picha mwaka 1972, hivyo mabadiliko ya miaka mingi utayaona. Na si picha za kutazama tu. Jani lenye afya hula mwanga mwekundu na kuurudisha kwa wingi ule wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Ukilinganisha miwili hiyo, mti unaonyauka unaujua mapema.

Rubani_Unguja: Na masika je? Utapata picha ya mawingu matupu! Droni huruka chini ya wingu. Visiwa vyetu vyote viwili vilishapigwa picha kwa droni katika mradi ulioanza 2016, na vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walishiriki.

Fundi_Ramani: Sentinel-1 ni rada, wingu haliizuii. Na kaka, umesahau kutaja kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, betri zisizomaliza saa, na chumvi ya bahari.

Mama_Mwani: Wanangu, na mimi nisikilizeni. Kikundi chetu cha mwani kilimlipa mtu atuchoree ramani kwa picha za setilaiti. Akaleta picha mbili za miezi tofauti, akasema mwani umepungua nusu. Mfadhili akatuuliza fedha tumezifanyia nini. Wanawake watu wazima tukalia, na kila siku tulikuwa tunashuka pwani, kamba na vijiti vyetu viko palepale! Kumbe hakuuliza habari za maji. Setilaiti yake hupita mnamo saa nne u nusu asubuhi. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, saa hizo maji yamekupwa, mchanga wote uko nje. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hizo yamejaa. Maji humeza ule mwanga wa infraredi, basi shamba likatoka jeusi, yeye akaandika limekufa. Mtu wa pwani asingekosea hivyo.

Kijana_wa_Wete: Pole sana bi mkubwa. Lakini hilo ni kosa la msomaji, si la setilaiti.

Mama_Mwani: Fedha zilizopotea ni zetu, mwanangu.

Mpemba_Asilia: Samahanini, nilikuwa shamba. Ni Micheweni, hekta 6 hivi. Miche tumeipanda mwaka jana, inafika magotini.

Fundi_Ramani: Lahaula! Hilo ungeanza nalo. Kidoto kimoja (pikseli) cha picha ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10 za ardhi. Miche ya magotini humo ndani imezungukwa na tope na maji, utakachopata ni rangi ya tope.

Rubani_Unguja: Ndiyo maana nikasema droni. Utaona mche mmoja mmoja.

Kijana_wa_Wete: Msitu wa zamani ulio jirani nao haumhusu? Huo setilaiti inautosha.

Karafuu_Moja: Na mikarafuu inayokauka yaonekana? Kwetu imechanganyika na minazi na mifenesi.

Fundi_Ramani: Hapo pagumu. Majani yote yanaingia kidoto kimoja. Fungua mada yako, tusimpoteze mwenzetu.

Mama_Mwani: Hekta 6 si mnaweza kuzihesabu kwa miguu? Kamba, daftari, na watu kumi. Ijumaa maji yanakupwa saa ngapi kwenu?

Mpemba_Asilia: Itakuwa siku ya 16 tangu mwezi kuandama, bamvu, basi ni saa nne hivi. Nitawaambia tushuke kwanza, kikao baada ya sala. Ila mweka hazina ameshaulizia bei ya droni mjini.

Rubani_Unguja: Droni gani? Mwambie asilipe kabla hajazungumza nami.