Baba ana nimonia ya bakteria sugu, tuwaulize nini madaktari?

Binti_Mkubwa: Wakuu, naombeni ushauri. Baba, miaka 64, alilazwa kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Ulikwenda salama, ila siku chache baadaye akaanza homa, makohozi mazito na kubanwa pumzi. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Akachomwa antibaiotiki ya seftriaksoni, homa ikagoma kushuka. Leo majibu ya makohozi yaliyooteshwa maabara yametoka: bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa seftriaksoni, yaani dawa hiyo haimuui. Anatumia oksijeni, anajitambua. Kaka anataka tukanunue antibaiotiki "kali" nje tumpe wenyewe. Naogopa. Kuna kupona kweli?

Nesi wa Zamu: Pole sana dada. Kwanza mzuie kaka. Hapa tunatafuta dawa ambayo bakteria huyu hajaizoea, na ukali wa jina hausaidii kitu. Ile karatasi ya maabara ina orodha ya dawa: penye S dawa inafanya kazi, penye R imegonga mwamba. Muulizeni daktari kuhusu meropenemu, antibaiotiki nyingine ya sindano. Ikiwa S, mna pa kushika. Ikiwa R, zinabaki chache, na baadhi, kama kolistini, huumiza figo, hivyo figo zipimwe mara kwa mara. Na muulize leo leo, maana kila siku anayokaa kwenye dawa isiyomfaa inampunguzia nafasi.

Mwana wa Mama: Mama yangu hakuvuka. Yeye alikuwa mahututi, kwenye mashine ya kupumulia, na bakteria wake, Acinetobacter, aligomea hata meropenemu. Sikutishi dada. Baba yako anajitambua na anapumua mwenyewe, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Tabibu Mstaafu: Nakubaliana na Nesi. Mwaka 2019 usugu wa dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na maambukizi ya mapafu ndiyo yaliongoza. Ndugu mnaomwuguza mna kazi pia: naweni mikono kabla na baada ya kumgusa, maana bakteria hawa husafiri kwa mikono hadi kitanda cha jirani. Msafisheni kinywa. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, kama daktari wa mifupa ameruhusu.

Binti_Mkubwa: Asanteni mno. Nimeongea na daktari wa zamu: meropenemu ni S, wanamwanzishia usiku huu, na kesho asubuhi anapimwa figo. Kaka nimemsomesha uzi huu, ameacha ule mpango. Mwana wa Mama, pole sana kwa msiba.