Shamba la ngano na kunguru: tungelijua bila ile risasi?

Rangi_Mbichi: Picha hii Vincent van Gogh aliichora Auvers, Ufaransa, Julai 1890. Wengi wanaihesabu mlango wa sanaa ya karne ya 20. Mimi naona kinachoiuza ni kifo chake mwezi uleule. Nani anapinga?

Bahari7: Si ndiyo kazi yake ya mwisho? Alimaliza akajipiga risasi palepale, kunguru ni nuksi. Ila tusidanganyane, hata mwanangu wa darasa la pili anachora kunguru hivyo.

Fundi_Turubai: Hilo la darasa la pili limeniuma, maana brashi ndiyo inayonilisha. Mpe mwanao turubai ya upana wa mita moja na kimo cha nusu yake. Aweke njano kali chini, buluu nzito juu, na isiwepo inayoimeza nyenzake. Tazama njia tatu zile: mbili za pembeni zinatoka nje ya picha, ya kati inajipinda ndani ya ngano na haionekani tena. Kila kunguru ni mikwaruzo michache ya rangi nyeusi, na bado anaruka!

Bahari7: Kwani nimekuchania turubai? Nilitaja kazi ya mwisho, hujanijibu.

MamaTuli: Nakujibu mimi. Makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam, inakotunzwa picha hii, wanasema ya mwisho ni ile ya mizizi ya miti. Ya kunguru ilivumishwa na filamu ya Marekani ya 1956. Tena mwenyewe alimwandikia ndugu yake kuhusu mashamba ya ngano chini ya anga lililochafuka: alitaka kuonyesha huzuni na upweke, lakini pia afya na nguvu anazoziona shambani. Mbona nusu hii ya pili mnairuka?

Bahari7: Afya gani? Tarehe 27 alijipiga risasi, 29 akafa.

MamaTuli: Nimemuuguza kaka yangu miaka mingi, kwa hiyo usinifundishe. Siku aliyoshika jembe alikuwa mkulima, na matuta yake yalinyooka kuliko ya jirani. Huyu naye kwa siku 70 za Auvers alichora picha zaidi ya 70.

Rangi_Mbichi: Poleni. Na swali langu?

Fundi_Turubai: Wachoraji vijana wa Dresden, Ujerumani, waliona kazi za Van Gogh mwaka 1905 wakabadilika mkono. Waliiga rangi, hawakuiga jeraha. Bahari7, mlete mwanao Jumamosi, turubai natoa mimi.